Mbegu Yenye Sitakutumia

Kwa mudogo wangu Mama Furaha, kule Kitshanga,

Ni mimi kaka yako Bauma. Niko naandika na mukono yangu mwenyewe, hakuna mutu ameshika hii kalamu pamoja na mimi. Mbele ya yote, muko aje? Ule mugongo wako wenye ulikuwa unakukamata asubui, ulipona ao ungali? Watoto wa Furaha wanakula? Kule munalala, mabati inavuja ao hapana? Sisi huku tuko. Nguvu iko. Meno tatu ya chini ilitoka, lakini kula ninakula. Wazee wa umri yangu huku wanasukuma kigari mbele yao ili wasianguke. Mimi ninatembea na miguu yangu, na wakati ninawapita wananiangalia.

Esperance, ule binti yangu mwenye ninaishi kwake, atapiga hizi karatasi foto na kutuma ku telefone ya muchungaji wenu. Umuombe hiyo telefone usome mwenyewe. Asikusomee. Wewe ulimaliza masomo ya primaire, mimi niliachia ku mwaka ya tatu, lakini hakuna barua yangu hata moja ilishindwa kueleweka, hata ile niliandikia chefu wa groupement, mukubwa wa vijiji yetu, juu ya mupaka ya shamba, na nilishinda. Sikupigi simu juu simu inakatika kila mara penye mutu anafika ku jambo yenyewe. Tena ku simu ungenikata maneno.

Jambo njo hii. Uliniambia kama ule mukristo mwenzenu alikupa kipande ya udongo ya kulima. Ukaniambia kama watu wa kanisa walikuletea mbegu ya mboga, lengalenga ya ku soko, ukaikatalia, juu unangoja ile ya mama yetu yenye iko kwangu. Tena mwenye udongo alisema kama mvua ya mwezi wa pili inafika na kipande ingali wazi, atapatia mutu mwengine. Mimi nikakujibu, nakumbuka vizuri, nikasema: "Nitakutumia mingi mpaka utashindwa kuigawa." Nilisema vile. Sasa unapashwa kujua mapema kama haitafika. Nitakuelezea namna gani, na usikasirike mbele ya kumaliza.

Inchi ya huku iko jangwa. Si mchanga tupu kama ile ya mu Biblia. Kuko milima ya mawe, na kuko muti ya miiba yenye haina majani, inasimama tu na mikono juu kama watu wenye walikamatwa na askari. Mvua inafika mwezi wa saba. Inapiga siku kiloko, za kuhesabu na vidole, barabara inageuka muto, kisha inaenda. Wewe wa Bihambwe huwezi kuelewa. Huku mutu anaangalia wingu sawa vile sisi tunaangalia gari ya sukari.

Nyuma ya kanisa moja kuko shamba yenye walikatakata vipande, kila famille na kipande yake, na robinet ya maji katikati. Walinipa yangu. Wengine walipanda nyanya, ikaungua. Mimi niliangalia kwanza mwaka muzima bila kupanda kitu. Walinicheka. Kisha ile mbegu yako ikafika, ile ulishona mu pindo ya kitenge ya kumutumia Esperance, ukaipatia mama moja wa kanisa mwenye alikuwa anakuja huku. Nilifungua pindo na wembe. Niliona kama mbegu yote imefika nzima. Mbegu ya mama, yenye alitoka nayo Walikale mu kilemba yake siku alioleka, ikapanda mulima ya Masisi, na sasa iko ku kiganja yangu mu jangwa. Nilifikiri kama hakuna mutu mwengine wa groupement yetu alifanya jambo sawa ile. Ningali ninafikiri vile.

Sikupanda mara moja. Niliingoja mvua ya mwezi wa saba. Siku ya pili ya mvua nikamwaga mbegu, nikafunika na mukono sawa vile mama alikuwa anafanya. Siku ya tano udongo ilikuwa nyekundu na miche. Watu wakakuja kuona.

Kupalilia njo iliniharibia. Unakumbuka sheria ya mama. Alikuwa anasema tusingoe kitu mbele ya kuona nani iko na haraka. Yenye haraka, yenye shina nyekundu, njo yetu. Yenye kulegea ni majani ya bure, toa. Na ku mulima yetu ile sheria haikudanganya hata siku moja, juu ku udongo ya Bihambwe hakuna kitu inaweza kukimbia mbio kupita lengalenga yake. Basi nikafanya vile. Mu kipande yangu kulikuwa aina mbili. Moja ilipanda sawa moshi. Ingine ilibaki chini, dogo, jani yake tumbo nyekundu, ule upande wa chini, inalala sababu ya jua. Ile ya tumbo nyekundu niliingoa yote. Unajua mimi ni mutu wa kungoa. Hakuna muzizi hata moja ilibaki.

Ile yenye nilibakisha, mudogo wangu, ilinipita urefu. Nyosha mukono juu kabisa: ilifika pale. Maji kiloko, jua ya kuua ng'ombe, na yenyewe inapanda tu. Watu wetu wote wa huku, wa Rutshuru, wa Walikale, wa Uvira, walikuwa wanakuja kuchuma. Wanapika na mafuta ya mawese yenye wanauza mu maduka ya Waafrika. Waliita jina yake lengalenga ya Papa Bauma. Muzee moja wa Walikale alikula kwetu, akasema alifikiri atakufa bila kula tena ile kitu. Nikamwambia mbegu ilitoka kwao. Akashika mukono yangu na mikono yake mbili. Ninakuambia hii ili ujue kama sikuwa peke yangu kukosea.

Kipande yenye inagusa yangu iko ya mama moja muzee, Dolores. Yeye si mugeni. Yeye ni wa ile kabila ya wenyeji wa kale, wenye walikuwa huku mbele ya wazungu. Anapanda maharagi na mahindi fupi. Siku moja alisimama akaniangalia ninanyeshea, akasema kitu, Esperance akacheka, akakataa kunitafsiria. Nikamulazimisha. Dolores alisema: "Umwambie baba yako kama ile kitu, hata akiitukana, itaota."

Nikamwambia Esperance amujibu kama hii ilitoka Walikale mu kilemba ya mama yangu.

Yule mama akajibu kama nkambo yake, muzazi wa wazazi wake, alikuwa anaichuma huku huku mbele mama yangu hajazaliwa.

Nikasema amuulize kama nkambo yake alifika Walikale siku gani. Esperance alikataa kuuliza ile. Alisema, "Papa, mimi sitagombanisha wazee mu shamba ya kanisa."

Kesho yake Dolores akavuka mupaka bila kuomba ruhusa. Akachuma jani moja. Unajua jani iko na kijiti yenye inaishika ku shina. Akakunja ile kijiti, akailalisha juu ya jani yenyewe. Kijiti ikapita ncha ya jani, ikabaki inatoka inje. Akanionyesha na kidole. Akasema ile njo alama, watoto wao wote wanaijua. Akaniomba nifanye vile na jani ya kule kwetu. Ya kwetu ilikuwa wapi? Ilikuwa mu kichwa tu. Lakini vidole yangu ilichuma lengalenga miaka makumi sita, na vidole ikakumbuka: kijiti ya kwetu inaisha mbele ya jani. Nikaona vizuri. Nikasema ni sababu ya jua. Nikasema huku hata watu wanarefuka, aangalie wajukuu wangu, wote walinipita, na bado ni wajukuu wangu. Dolores akasikia tafsiri, akatingisha kichwa, akarudi ku maharagi yake.

Ni mu ile juma uliniita ku simu. Ukaniambia namna mulitoka Bihambwe na sufuria moja na blanketi, na ile chungu ya mbegu ikabaki juu ya dari ya jiko. Mimi nilikuwa nimesimama mu shamba, majani inanipita kichwa. Njo nikakuambia nitatuma mingi. Namna gani ningesema ingine?

Wakati ya mbegu ikafika. Mama alikuwa anakamua kichwa ya lengalenga na kiganja, polepole, mbegu inaanguka ku kitambaa. Mimi nikakamata kichwa ya kwanza, nikavuta. Ilinichoma. Kuko miiba midogo mu kila kichwa, kali sawa sindano. Damu ikatoka. Nikavaa soksi ku mikono, nikaendelea. Kisha nikaona kama nusu ya ile miti haina mbegu. Kichwa yake laini, nzuri, ukiitingisha inatoa tu vumbi ya njano. Yenye inachoma njo iko na mbegu, yenye haichome haina. Dume na jike, Mama Furaha, sawa mbuzi. Na ya mama yetu, kila muti inajizalia yenyewe, hata moja ikibaki peke yake ku mulima muzima.

Na bado nikasema ni jua. Nilijaza mufuko ya sukari na mbegu, nyeusi, inang'aa. Nilishona mudomo yake na uzi. Nikaandika jina yako juu.

Ile mufuko ilikaa chini ya kitanda yangu siku nne. Ku siku ya tano Dolores akamuuliza Esperance kama muzee anaweza kupanda motoka. Nilipanda. Tulienda mbali, barabara ya lami ikaisha, tukafika ku muto moja yenye haina maji, mawe na mchanga tu. Hakuna nyumba. Hakuna alama ya jembe. Na pembeni ya ule muto, kulia na kushoto, mpaka penye macho inafika, ilikuwa imesimama. Ile ile. Shina nyekundu, kichwa inainama. Imekauka yote sasa, juu inaota na mvua, inazaa, inakufa ku mwaka ile ile, kisha inangoja mvua ingine. Hakuna mutu aliipanda.

Nilisema pengine ndege walichukua mbegu mu shamba yangu. Dolores akamuomba Esperance arudilie maneno yangu mara ya pili. Kisha akasema, "Sawa. Ndege wa nguvu."

Hakucheka. Alikaa juu ya jiwe akaniachia wakati. Mimi nilitembea katikati ya ile majani. Nilikunja jani kavu moja, kijiti ikapita. Nikakunja ingine. Nikakunja mingi. Kisha nikakumbuka ile midogo ya tumbo nyekundu yenye niliingoa, na nikakumbuka tena kitu yenye sijaambia mutu: siku niliingoa, nilinusa ya kwanza, na harufu ilikuwa ya jiko ya mama. Nikaitupa.

Basi mbegu yako ilifika, iliota, na kaka yako aliipalilia mpaka ikaisha. Kitu yenye nilinyeshea ni majani ya inchi, yenye ilikuwa inalala mu udongo mbele yangu.

Nilifikiri kukutumia ile mufuko hata vile. Nakuambia kweli. Ungeipanda, ingeota haraka, ungekula, ungenisifu, na watoto wangeshiba, juu inaliwa kabisa, haina ubaya mu sufuria. Lakini Dolores alinielezea kama wakulima wakubwa wa huku, wenye mashine, wanalia juu ya hii kitu. Dawa yao haiiue tena. Shina yake inavunja mashine. Inapanda katikati ya mimea yao, inaiba jua yote. Nikafikiri ile kipande walikupatia. Nikafikiri udongo ya Masisi, yenye hata fimbo ukiisimika inatoa majani. Hii kitu ikionja ile udongo, hata jembe ya mama haingeiweza. Kisha watu wangeuliza nani aliileta, na wangesema jina yetu.

Ule mufuko nilimupa Dolores. Nilifuta jina yako kwanza. Watu wa kabila yake wanasaga hata mbegu, wanakula. Aliupima ku mukono, akaupokea sawa mutu anapokea kikapu yake yenye jirani alikawia nayo. Akaniletea maharagi kesho yake. Mimi sikumuomba. Watu wetu sijawaambia bado. Wangali wanasema lengalenga ya Papa Bauma, na wengine walikausha ya kuweka. Nitawaambia. Si hii juma.

Sasa sikiliza, juu mwezi wa pili haiko mbali. Mama hakuuza mbegu hata siku moja. Alikuwa anagawa, na mwenye alipokea anajua kama siku mwenye alimupatia atakosa mbegu, anaweza kuja kwake na kitambaa wazi na hawezi kurudi bure. Njo desturi, na wewe unaijua. Nilikaa nikakumbuka wote wenye mama aliwapatia. Wa Bihambwe wote walikimbia sawa wewe. Amebaki moja mwenye ninajua iko nayo. Ni Mama Konsolata, muke ya Papa Gakuru wa ng'ombe. Walihamia hapo hapo Kitshanga zamani, anauza maziwa ku soko.

Ninajua namna unafanya uso sasa. Ndiyo, Gakuru ule ule. Ng'ombe zake zilikula maharagi yangu yote, akanitumia maziwa ya kuomba amani, mutungi muzima ya maziwa, na mimi nikaimwaga mbele ya mutu mwenye aliileta. Nikakataza nyumba yote isiwasalimie. Mulinitii miaka yote ile. Lakini mama hakunitii. Mu mwaka ile ile alimupelekea Konsolata mbegu, na Konsolata akaipanda nyuma ya zizi, penye mavi ya ng'ombe iko. Nilikuwa ninapita pale ninaangalia upande ingine. Ilikuwa nzuri kupita yetu. Sijasema ile neno mbele ya leo.

Enda kwake. Usitume mutu, enda mwenyewe, na kitambaa. Ukifika angalia kwanza: tumbo ya jani nyekundu, kijiti isipite ncha, kichwa isikuchome. Mwambie ni mbegu ya mama yetu unakuja kuchukua. Kama Gakuru mwenyewe iko, mwambie ni mimi nilikutuma. Taja jina yangu vizuri, usiifiche mu maneno. Usimwambie kama ninaomba musamaha, mimi sikukula shamba ya mutu. Mwambie tu Bauma anaomba mbegu. Yeye ni muzee, atasikia yenye kubaki.

Na kama wanakupa maziwa, kunywa. Usiseme una haraka. Kunywa yote mbele yao, na mutungi uurudishe na mikono mbili.

Salimia Furaha, mutoto wetu, na watoto wake wote, na bwana yake kama alishatoka ku kazi ya chantier. Salimia shemeji yetu mufundi wa viti, umwambie huku viti ni ya plastiki na mimi ningali ninakaa juu ya ile ya kwake ku moyo. Salimia mama mudogo wa Walikale kama kuko mutu anafika kule, juu yeye njo mukubwa wa damu ya mama mwenye alibaki. Salimia muchungaji, na umushukuru juu ya telefone, hata kama najua amesoma.

Ukipanda, umwambie Esperance aniambie siku inaota.

Mungu awalinde hapo muko, na sisi hapa tuko.

Ni mimi kaka yako, Bauma wa Bihambwe, mwenye kujua majani yote ya Masisi, na moja ya huku.